Kiwanda jirani kinapanua mtambo wa umeme na ufukwe wetu unaliwa: mtaa una sauti gani?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Kigamboni, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, iliyojengwa mwaka 1988. Enzi hizo kutoka barazani hadi majini ulikuwa unapita safu tatu za mivinje. Leo imebaki moja, na mvinje wa mwisho mizizi yake iko nje. Upande wa kusini wa mtaa wetu kuna kiwanda chenye mtambo wake wa umeme. Sasa wanataka kuupanua: waongeze mashine, wajenge gati la kushushia mafuta, na wapitishe mabomba ya kuvuta maji ya bahari ya kupoozea mitambo. Vijana wa mshauri wao walituita ofisi ya mtaa, tukasaini karatasi, tukapewa soda na nauli. Wavuvi wanasema maji ya moto yatakayomwagwa ndiyo yatakayoumaliza ufukwe. Mwenyekiti anasema mambo ya umeme ni ya Serikali Kuu, sisi hayatuhusu. Majirani wanne tunataka kuchanga tujenge ukuta. Je, wavuvi wanasema kweli? Mtaa hauna sauti kabisa? Na huo ukuta tujenge?"*

Pole, ndugu yangu. Kuona mivinje ya enzi za mzazi wako ikidondoka mmoja mmoja si jambo dogo, na naelewa kwa nini mnataka kufanya jambo lolote, haraka. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonishtua si "maji ya moto". Ni neno moja uliloliandika kwa kupita tu: *kusini*. Kiwanda kiko kusini yenu. Nitaanzia hapo, maana bila kulielewa hilo mtaenda kwenye mkutano kupigania kitu kisicho chenyewe.

Watu wengi huuona ufukwe kama kiwanja: mchanga umekaa pale, bahari inakuja kuuiba. Sivyo. Ufukwe ni kama kituo cha daladala pale Feri saa kumi na mbili jioni. Ukipita kila siku unaona kimejaa, unadhani ni watu walewale. Kumbe wanashuka na kupanda muda wote, na kituo kinaonekana kimejaa kwa sababu tu wanaoingia wanalingana na wanaoondoka. Mchanga wenu nao unasafiri. Wimbi haliji limenyooka, linaupiga ufukwe kwa mshazari, linasukuma chembe za mchanga juu kidogo na pembeni kidogo, kisha maji yanarudi nazo chini. Mara elfu na elfu kwa siku, chembe inatembea kando ya pwani.

Inaelekea wapi? Mvuvi yeyote wa hapo atakujibu bila kufungua kitabu. Kusi inapovuma, kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa, mawimbi yanakuja kutoka kusini-mashariki na mchanga unakwenda kaskazini. Kaskazi ikishika, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu, sehemu yake inarudi. Ila kusi ni ndefu na ina nguvu zaidi, kwa hiyo kwenye fukwe zilizo wazi za pwani yetu, ukifunga hesabu ya mwaka mzima, mchanga kwa kawaida umesogea kaskazini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchanga unaokuja kwenu hupita kwanza mbele ya kile kiwanda.

Usiniamini kwa maneno tu. Tafuta kizuizi chochote kilichoingia baharini hapo kwenu: mwamba mkubwa, mabaki ya ukuta, hata chombo kilichokwama. Upande uliorundika mchanga ndiko mchanga unakotoka, na upande uliochimbika ndiko unakokwenda. Angalia mwisho wa kusi, kisha angalia tena mwisho wa kaskazi, uandike.

Kunduchi ni darasa zuri la jambo hili. Wengi wanaoshuka kituo cha Africana, Barabara ya Bagamoyo, hawajui kwamba jina lile lilikuwa la hoteli ya ufukweni ambayo bahari iliifuata mpaka ikaachwa. Baadaye zikajengwa kuta fupi za mawe zinazoingia baharini ili kuukamata mchanga. Na kweli zinaukamata. Mara ya mwisho nilipopita nilisimama juu ya mojawapo: upande mmoja mchanga ulikuwa umepanda karibu unifikie miguuni, upande wa pili ilibidi niruke kushuka, na chini yake kulikuwa na mawe matupu na maji. Aliyejenga alipona, jirani yake akalipa. Juu ya hilo, mito ya upande ule, Mbezi na Tegeta, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuleta mchanga pwani, imechimbwa kwa miaka mingi na malori ya mchanga wa kujengea. Nyumba nyingi za jiji hili zimejengwa kwa mchanga uliokuwa njiani kuelekea ufukweni. Naisema hii kwa sababu hata kwenu, kabla hamjakilaumu kiwanda, ulizeni kama kuna watu wanaochota mchanga ufukweni usiku. Safu mbili za mivinje zimekwenda kabla gati halijajengwa, na lazima kuna sababu yake.

Sasa maji ya moto. Wavuvi wamekosea katika jambo moja na wamepatia katika jingine.

Walipokosea ni hapa: joto halibebi mchanga. Mtambo wa mvuke unahitaji kupoozwa ili ule mvuke urudi kuwa maji, na njia rahisi ni kuvuta maji ya bahari, kuyapitisha mara moja na kuyarudisha yakiwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi, mara nyingi kati ya 7 na 10 za Selsiasi. Yanapoingia baharini yanachanganyika na kupoa. Hayawezi kung'oa mvinje. Tena ulizeni ni mashine za aina gani zinazoongezwa. Kama ni injini za dizeli au mitambo ya gesi isiyotumia mvuke, maji yanayohitajika ni kidogo sana kulinganisha na mtambo wa mvuke, na huenda mabomba makubwa hayana hata sababu ya kuwepo.

Walipopatia ni kwamba joto lina madhara ya polepole ambayo mwisho wake unaishia ufukweni. Matumbawe hayavumilii joto la ziada. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Mwamba wa matumbawe ndio ukuta wenu wa kwanza. Wimbi linavunjikia kule nje na kufika kwenu limechoka. Nyasi za baharini nazo hushika mchanga wa chini usitibuke. Kama bomba la kutolea maji litaishia karibu na mwamba au juu ya nyasi, basi ndani ya miaka kadhaa mtakuwa na samaki wachache na mawimbi makubwa zaidi. Pia mitambo mingi hutia klorini kwenye maji hayo ili viumbe vya baharini visiote ndani ya mabomba na kuyaziba, na hiyo klorini inatoka na maji. Kwa hiyo mvuvi anayelalamika ana haki ya kusikilizwa. Abadilishe sababu tu.

Kinachoweza kuumaliza ufukwe kwa kasi ni gati. Na hapa kila kitu kinategemea limejengwaje. Gati la nguzo, lenye maji yanayopita chini, huuachia mchanga njia. Gati la mawe na kifusi kilichojazwa tangu ufukweni hadi kwenye kina ni ukuta uliolazwa kukatisha barabara ya mchanga. Hali ni hiyohiyo kwa mfereji unaochimbwa chini ya bahari ili meli ya mafuta isogee: mchanga unaosafiri unatumbukia humo, unazolewa, unatupwa mbali. Togo walijenga bandari ya Lomé miaka ya 1960. Mchanga ukarundikana upande wa magharibi wa ukuta wa bandari, na upande wa mashariki pwani ikaanza kuliwa kilomita kwa kilomita, vijiji vikahama. Afrika Kusini, kituo cha nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town kinavuta maji ya kupoozea kutoka kwenye bwawa lililozungushiwa kuta baharini, na inabidi waendelee kuzoa mchanga unaojaa humo. Mchanga uliozolewa pale ulikuwa na safari ya kwenda kwingine.

Kwa hiyo mkikaa na mshauri mwelekezi, swali la kumuuliza kabla ya yote ni hili: *mchanga wetu utapita wapi?* Akianza kuwaeleza habari za ajira, msikilizeni kwa adabu, kisha mrudieni swali.

Tuje kwa mwenyekiti wenu. Amesema nusu ya ukweli. Leseni ya kuzalisha umeme kweli haitoki kwa mtaa. Ni kazi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Lakini ufukwe una sheria nyingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na hiyo inamhusu sana. Mradi wa namna hii lazima ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile TAM, na kuupanua mtambo uliopo hakukwepi hilo kwa sababu tu wa zamani una cheti. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayosimamia mapitio, na cheti kinatolewa kwa mamlaka ya waziri mwenye dhamana ya mazingira. Sheria hiyohiyo inataka kila manispaa iwe na ofisa mazingira, na inataka watu wanaoguswa na mradi washirikishwe. Kifungu cha 57 nacho kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mtego wa kifungu hiki ni kwamba mstari wa bahari unahama. Aliyejenga akiwa amebakiza mita 60 miaka thelathini iliyopita anaweza leo kujikuta ndani yake bila kusogeza tofali. Jipimieni na nyinyi, msije mkashangaa.

Zile karatasi mlizosaini, nina hakika kubwa, ni orodha ya mahudhurio. Majina yenu, sahihi na namba za simu vitabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Si kosa la wale vijana, ndivyo kazi inavyofanyika. Ila orodha ya mahudhurio haisemi mlisema nini. Kama hakuna muhtasari unaoonyesha kwamba mtaa uliuliza habari za mchanga na gati, atakayeipitia ripoti ofisini ataona watu arobaini walikuja, wakasaini, hawakuwa na neno.

Dawa yake ni karatasi yenu wenyewe. Mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa mtaa wenye ajenda hiyo moja, mtendaji aandike muhtasari, na maoni yaandikwe kwa lugha nyepesi: nani amesema nini, anaishi wapi, ameona nini. Nakala ziende kwa ofisa mazingira wa manispaa, kwa diwani, na NEMC, kila moja ikirudi na mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri hamjapeleka kitu. Katika barua hiyo ombeni mambo mawili: kuona ripoti ya tathmini ikiwa na mchoro wa gati na mabomba, na kwamba kama hoja zenu hazijajibiwa, uitishwe mkutano wa hadhara wa kusikiliza maoni, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo iko upande wenu mkizungushwa. Na kwa kuwa mtambo wa sasa upo tayari, ulizeni cheti chake kina masharti gani na ukaguzi wa mazingira wa mwisho ulikuta nini. Asiyetimiza masharti ya jana anapaswa kuulizwa kabla ya kupewa ya kesho.

Mkidhani ushirikishwaji ni mapambo, tazameni jirani zetu wa Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na leseni ya mazingira mkononi. Wenyeji wakaupinga, na Juni 2019 baraza la Kenya linalosikiliza mashauri ya mazingira likaifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisemi mkimbilie mahakamani. Nasema sauti ya wenyeji imewahi kuwa nzito kuliko mradi wa mabilioni.

Lakini nisikudanganye. Mtaa hauna kura ya turufu. Mnaweza kufanya yote haya na mradi ukapita, na huenda upite kwa haki: kiwanda kina watu wanaokitegemea, na umeme wa uhakika si anasa kwa mtu aliyekaa gizani wakati wa mgao. Ofisa mazingira wenu pia ana kata nyingi na siku chache. Kinachowezekana zaidi kuliko kuuzuia mradi ni kuyabadili masharti yake. Gati liwe la nguzo. Bomba la kutolea maji lipelekwe mbali na mwamba, na joto lipimwe, takwimu zibandikwe ofisi ya mtaa. Ufukwe upimwe kabla ya ujenzi na uendelee kupimwa kila msimu, kusini na kaskazini ya gati. Na likitokea rundo la mchanga upande wa kusini, mwenye mradi aubebe kwa gharama yake auhamishie kaskazini. Hili la mwisho linafanyika kwingi duniani, ni malori na gredi tu, lakini lisipoandikwa kwenye masharti ya cheti hakuna atakayelifanya. Waulizeni pia kwa nini maji ya bahari hasa. Mitambo inaweza kupoozwa kwa hewa, kwa hasara kidogo ya ufanisi na gharama zaidi mwanzoni. Ubungo na Kinyerezi zinafua umeme wa gesi na hakuna hata kimoja kilichokaa ufukweni.

Masharti ya kupima yana maana pale tu mnapokuwa na kipimo chenu cha mwanzo. Hii msiisubiri serikali. Tafuteni fimbo mbili zilizonyooka, kila moja mita moja na nusu, mziwekee alama kila sentimita mbili kwa rangi. Chagueni alama isiyohama nchi kavu, tuseme kona ya msingi wa nyumba yako. Mmoja asimamishe fimbo hapo, wa pili asimamishe yake mita mbili mbele kuelekea baharini. Anayesimama nyuma achungulie upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, kwa kuupanga mstari na kichwa cha fimbo iliyo chini. Umbali anaousoma kwenye fimbo yake, kutoka kichwa chake kushuka hadi mstari huo, ndio kiasi ambacho ufukwe umeshuka katika mita mbili hizo. Andika, songeni mbele, rudieni hadi majini. Fanyeni wakati maji yamekupwa kabisa siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kila mwezi, mahali palepale, na mpige picha mkisimama palepale. BMU yenu, ile kamati ya wavuvi ya kulinda ufukwe, na vijana wa sekondari wanaweza kuimudu kazi hii kwa saa moja. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na mchoro wa kusi na kaskazi ambao hata mshauri wa kiwanda hana, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Nimebakiza ukuta, nao nimeuacha mwisho kwa sababu hutalipenda jibu langu. Ukuta wa nyumba nne haulindi ufukwe, unalinda kilicho nyuma yake, na kwa muda. Wimbi likipiga mteremko wa mchanga linapanda, linachoka, linarudi polepole. Likipiga ukuta uliosimama linarudi na nguvu zake zote na kuchimba pale chini. Mchanga wa mbele unaondoka, msingi unabaki wazi, ukuta unainama. Kwenye ncha zake mawimbi yanapinda na kumla jirani wa tano ambaye hakuchanga. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama unasimama kwa sababu una wahandisi na fedha za umma, na una barabara ya kulinda, na hata pale kinacholindwa ni barabara. Nanyi mkijenga ndani ya mita 60 bila kibali mnakuwa na kosa lenu wenyewe siku ya kwenda kulalamikia gati la mwingine. Viroba vya mchanga kwa dharura ya bamvua moja sawa, lakini visiwe vimejazwa mchanga wa ufukweni hapohapo, kama nilivyowahi kuona. Matairi na kifusi, hapana.

Kama nyumba bado ina nafasi, fedha zenu zitafanya kazi zaidi mkiacha mlakasa, ule mmea wa kutambaa wa ufukweni, utambae juu ya mchanga, mkizuia magari na uchotaji, mkielekeza maji ya mvua yasichimbe ukingo, na mkisogeza choo na tangi nyuma ya nyumba. Lakini ukiona ufa mpya ukutani, mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kugoma, au maji ya bamvua yamegusa msingi, acha kusoma ushauri wa mbali. Mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi wiki hiyohiyo, na usiwalaze watoto chumba cha upande wa bahari hadi aje. Mkitaka mtu wa kuusoma ufukwe wenyewe, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ina wataalamu wa kazi hiyo. Na kama cheti kitatolewa bila hoja zenu kujibiwa, onaneni na wakili haraka, maana rufaa zina muda wake. LEAT, ile timu ya wanasheria wa mazingira, ni mahali pa kuanzia.

Ule mvinje wa mwisho msiukate kwa ajili ya kuni hata kama umeinama. Mizizi iliyo nje bado inashika. Piga msumari kwenye shina, pima kutoka hapo hadi kwenye kona ya baraza, uandike tarehe. Hicho kiwe kipimo chenu cha kwanza.